Ubeti wa Nne wa Kaka Aminieli

Sisi tuliokulia Kariakoo wakati wa unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano, na foleni za sukari, tukikutana leo tunajuana hata kabla ya salamu. Tunajuana kwa magoti. Goti la mtoto wa Kariakoo wa miaka ile lina kovu la changarawe, maana chandimu tulicheza katikati ya mtaa, mpira wa makaratasi na kamba za katani, na gari likitaka kupita tunalitazama kwa hasira kama vile dereva ndiye kaja kutuvamia nyumbani. Vijana wa leo magoti yao laini kama ya kichanga. Mpira wanacheza kwa vidole gumba, wamelala chali kwenye kochi, halafu wanalalamika mgongo unauma.

Mimi nimezaliwa na kukulia Mtaa wa Narung'ombe, nyumba ya vyumba sita yenye korido katikati na ua wenye bomba moja. Chumba chetu kilikuwa kimoja. Leo ukifika Kariakoo ukamuulizia Mangi Mabeseni, hata mbeba mizigo aliyeshuka jana kwenye basi atakuleta mpaka mlangoni kwangu. Sisemi haya kwa kujisifu, ingawa kujisifu nako hakuna aliyenikataza. Darasa la saba nilimaliza kwa kusukumwa. Hesabu nilijifunza dukani, Kiingereza bandarini, na Kichina kidogo nilikiokota Guangzhou nikibishania bei ya ndoo. Nina maduka matatu na ghorofa Ilala, na hakuna mtu aliyenishika mkono. Kwa hiyo mtu wa aina yangu akiwaambia kuna kitu alikipoteza na hakuna duka linalokiuza, naomba mnisikilize.

Kitu chenyewe ni ubeti mmoja wa wimbo wa kanisani.

Baba yangu, Mzee Anaeli, alishuka kutoka Machame akiwa kijana, na sanduku la mbao na kitabu cha nyimbo cha Kilutheri ambacho jalada lake lilikuwa limeshonwa kwa uzi wa viatu. Alikuwa na meza ya kufuli, bawaba na misumari barazani kwa Mhindi mmoja muuza vitambaa. Jioni alirudi ananuka chuma. Alikuwa mkali, lakini ukali wa saa, siyo ukali wa fimbo. Kila jambo kwake lilikuwa na wakati wake, na wakati wa kuimba ulikuwa baada ya adhana ya magharibi.

Msikiti ulikuwa pale kona. Baba alikaa kwenye stuli, kitabu mapajani, akamsubiri muadhini amalize kabisa. "Mwenye zamu amalize kwanza," alikuwa anasema. Muadhini akinyamaza, majirani wakishatoka kwenda kuswali, Baba anakohoa mara moja, sisi tunasimama. Hakuna aliyewahi kutugongea ukuta. Mwenye nyumba wetu, Bi Mwanahawa, alikuwa Mzaramo na Mwislamu wa swala tano. Akishaswali alikuwa anatoka na ungo wake, anakaa uani na binti yake Zuhura, wanachambua mchele na kutusikiliza. Siku tukiimba ovyo, asubuhi bombani anamwambia Mama, "Mama Ami, jana mlikuwa na homa nyie?"

Tuliimba nyimbo tofauti, lakini wa mwisho ulikuwa huohuo kila siku. Tuliuita wimbo wa kufungia. Una beti nne, nasi tulikuwa wanne, basi Baba akaugawa kama wanavyogawa kihamba kule mlimani, lile shamba la migomba la ukoo, kila mtoto na kipande chake na mpaka wake. Ubeti wa kwanza ulikuwa wa Baba. Wa pili wa Mama. Wa tatu nikapewa mimi kitinda mimba. Wa nne ulikuwa wa kaka yangu Aminieli, Ami, kifungua mimba, aliyenizidi miaka minne. Na kama ambavyo hukati mkungu wa ndizi kwenye kihamba cha mwenzio, ilikuwa huimbi ubeti wa mwenzio. Ukifuatisha hata kwa midomo tu, Baba ananyanyua kidole. "Huo una mwenyewe."

Kila Pasaka, tukishakula, alitusimulia wimbo ulikotoka. Aliutunga Mjerumani mmoja, mwalimu wa kijiji, mtu wa kawaida tu. Majira ya baridi ya mwaka mmoja ugonjwa uliingia nyumbani kwake, akazika watoto wake wote kwa kupishana siku chache. Ubeti wa kwanza, Baba alisema, anashukuru kwa asubuhi. Wa pili anaomba chakula cha siku ile, siyo cha kesho. Wa tatu taa imezimika, mlango umefungwa, anamuuliza Mungu yuko wapi. Kisha basi. Mjerumani aliishia hapo. Hakuwa na la kuongeza.

Wamisionari wakauleta mlimani. Babu yetu, aliyekuwa mwinjilisti, ndiye aliyewafundisha watu wa kwao kuuimba, tena kwenye mazishi. Sasa siku moja wakamzika bibi mmoja mkiwa, hana mtoto, hana ndugu. Wakaimba mpaka ubeti wa tatu, wakauliza lile swali, wakafunika kaburi wakaondoka. Babu alitembea hatua chache, akageuka. Aliona kama wamemwacha yule bibi peke yake na swali. Akakaa chini kwenye majani, na kabla jua halijazama alikuwa ametunga ubeti wa nne, kwa Kimachame, lugha ya mama yake. Wazee wa kanisa walikataa usiingie kitabuni. Walisema Mjerumani alikuwa na beti tatu, Mchaga anaongeza wa nne kama nani? Basi ukabaki mdomoni mwa Babu, ukaja mdomoni mwa Baba, na Baba akampa kifungua mimba wake. Haukuandikwa popote.

Sasa mtauliza: wewe Mangi, umeusikia ubeti huo kila jioni ya utoto wako, inakuwaje huujui?

Jibu lake ni la aibu. Nitalisema.

Ami akianza ubeti wa nne, mimi wangu nimeshamaliza. Na uani kwenye jiko la mkaa kuna sufuria, na chini ya sufuria kuna ukoko. Nyinyi wa rika langu hamhitaji kuelezwa ukoko ulikuwa nini. Siku ya wali unakuwa wa kahawia, unalia kwenye meno kama biskuti, umeshika mafuta na chumvi yote ya chini. Siku za ugali wa yanga ulikuwa mgumu kama kigae, na huo pia tuliugombea. Desturi ya Mama ilikuwa anayewahi ndiye mwenye ukoko. Ami alikuwa amefungwa na ubeti, hawezi kutoka. Kwa hiyo yeye akivuta pumzi tu, mimi nachomoka kinyumenyume mpaka koridoni, halafu mbio. Baba alikuwa anasikiliza ameshafumba macho, hakuwa ananiona. Mama alikuwa ananiona, ananyamaza. Nilikuwa nasikia sauti ya kaka kwa mbali, katikati ya kelele za kijiko changu kikikwangua sufuria. Zuhura na mama yake wamekaa pale wanasikiliza, mimi nakwangua.

Ami alikuja kila jioni, akaiona sufuria tupu, akanipiga kikofi cha kichogo, basi. Hakuwahi kunisemea. "Tumbo lako lina masikio, Elia," aliniambia siku moja, "ila ya kichwani hayapo."

Nilicheka sana. Nilijiona mjanja. Na ujanja huohuo, sikilizeni niwaambie, ndio uliojenga maduka. Kuwahi. Mwingine bado anavuta pumzi, wewe umeshafika. Nilianza kwa kuuza maji ya ndoo yenye barafu, glasi kwa glasi, pale karibu na sokoni. Nikaja kuuza sabuni za vipande, nikauza mifuko, nikachukua meza ya Baba alipochoka, nikaigeuza duka. Ami yeye hakuwa mtu wa mbio. Alipata kazi ya ufundi wa magari Tunduma, akaoa huko, akapata binti mmoja. Wakati wa Krismasi alikuja na mchele wa Kyela na nguo zinazonuka grisi. Tulisimama wanne chumbani, hata mimi nimeshakuwa tajiri wa gari, tukaimba wa kufungia.

Baba alipofariki nilisema: Mzee Anaeli hatazikwa kimaskini. Ibada ya kuaga hapa mjini, kabla ya kusafirisha mwili kwenda Machame, niliipanga mimi na niliilipia mimi. Hema nyeupe, viti vyenye utepe, kwaya ya kukodi yenye sare ya zambarau, spika za kutingisha kioo, MC anayejulikana mjini. Walikuja wafanyabiashara wakubwa, walikuja viongozi, Kariakoo nzima ilikuja. Mama aliniomba kitu kimoja tu. "Tumfungie baba yenu wimbo wake." Nikamwambia, "Mama, upo kwenye ratiba."

Na ulikuwepo. Mama akaimba ubeti wa Baba, akaimba wa kwake. Nikachukua maikrofoni, nikaimba wangu. Jamani, niliimba. Sauti ninayo, na siku ile spika zilikuwa zangu. Watu walitoa leso. Nilipomaliza kuuliza lile swali kulikuwa kimya, mtu akikohoa unamsikia.

Ami alikuwa pembeni yangu, mkono wa kulia, amevaa koti kubwa la kuazima. Alinyoosha mkono apokee maikrofoni. Nami nikamwona mgeni mmoja mkubwa, mstari wa mbele, anaangalia simu yake anataka kuondoka, na bado hajatoa neno lake la rambirambi. Nikamtazama MC. Nikagusa saa yangu. Ni hivyo tu, niliigusa kwa kidole.

MC akarukia. "Asanteni sana wanafamilia, muda siyo rafiki yetu, naomba sasa nimwite mgeni wetu..." Na kwaya ikapiga kinanda.

Kaka alikuwa ameshafungua mdomo. Niliona pumzi imeshaingia. Akaufunga taratibu, akaenda kukaa. Machame alifika, alimzika Baba, alirusha udongo wake, na akapanda basi la Tunduma bila kuniaga. Hakurudi tena Dar. Nilimpigia, alipokea, alinijibu vizuri, "Salama, mdogo wangu," na hakuna zaidi. Nilisema moyoni, atapoa. Mtu mzima anasusaje kwa sababu ya ubeti?

Miaka ikapita sita. Akafariki kwa moyo, ghafla, akiwa chini ya lori analitengeneza. Nilituma jeneza la gharama kuliko yote lililopatikana Mbeya. Mwenyewe sikwenda. Nilikuwa na kontena bandarini linasubiri saini yangu. Mama alikwenda, na umri ule, kwa basi, akarudi amekauka mdomo.

Wiki ile aliyorudi aliniita chumbani kwake, pale ghorofani kwangu Ilala. Akasema, "Elia, kaa nikuimbie ule wa kaka yako. Nimebaki nao mimi tu. Usije ukapotea."

Nilikuwa nimesimama mlangoni na funguo mkononi.

"Jumapili, Mama," nikamwambia. "Jumapili nitakaa, uniimbie wote."

Alhamisi akapigwa na kiharusi. Upande wa kulia ukafa, na maneno yakaenda yote. Mkono wa kushoto ulibaki, na macho.

Ndipo nilipoanza kumwimbia. Sikuwa na kingine cha kumpa. Dawa ziko, nesi yuko, kitanda cha kupanda na kushuka nilikiagiza. Nikawa narudi mapema kutoka dukani, adhana ya magharibi ikiisha nakohoa kama Baba, naanza. Siku ya kwanza tu nikaona mkono wake wa kushoto unanyanyuka juu ya shuka. Kidole kimoja. Nikaimba wa pili, vidole viwili. Nikaimba wangu, vitatu. Kisha akanyoosha cha nne, akanitazama, akasubiri.

Nikamwambia, "Mama, sina."

Vidole vinne vikabaki juu. Alisubiri mpaka mkono ukatetemeka ukaanguka wenyewe. Kesho yake vilevile. Kesho kutwa vilevile. Mimi nimesimama mbele ya maofisa wa forodha, nimesimama mbele ya Wachina na vikokotoo vyao, sijawahi kushindwa kumtazama mtu machoni. Kwa mama yangu nilitazama ukuta.

Nikautafuta ule ubeti kama ninavyotafuta mali. Nilinunua kila kitabu cha nyimbo, kipya na cha zamani. Beti tatu, nukta. Kijana wangu, mwenye visikio viwili vyeupe masikioni kama amepandikizwa karafuu, akaniambia, "Baba, si uingie tu mtandaoni?" Nikamwambia uingie wewe. Akaingia, akapekua dakika mbili, akasema, "Haupo. Kama haupo humu basi haupo." Nilitaka kumzaba kofi, lakini alisema kweli. Nilipanda Machame, nikakaa na wazee wawili waliobaki wa rika la Baba. Mmoja alikumbuka kwamba ulikuwepo. Mwingine alinisimulia habari ya ng'ombe.

Nikampigia binti wa kaka, Anna, kule Tunduma.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Baba yako alikuwa anaimba wimbo fulani wa kufungia..."

"Zamani aliimba. Nikiwa mdogo sana. Tangu alipotoka kumzika Babu hakuimba tena, baba mdogo. Hata kanisani alikuwa anasimama tu na kitabu. Mama alimuuliza kwa nini, akasema sauti imekatika."

Sikumwambia ni nani aliyeikata.

Aliyenipa kitu ni Zuhura, binti wa Bi Mwanahawa. Nyumba yao Narung'ombe siku nyingi imeshakuwa ghorofa la maduka, na mama yake marehemu, lakini nilisikia anauza mitumba ya watoto Mchikichini. Nikaenda. Nilimkuta amekaa juu ya belo, miwani puani, anapanga sweta.

"Shikamoo, dada Zuhura."

"Marahaba. Hiyo sweta elfu..." Akanyanyua uso. Akashusha miwani. "Haa! Elia? Elia Ukoko!"

Wauzaji wa jirani wote wakageuka.

"Dada, taratibu, mimi ni mtu mkubwa sasa."

"Mkubwa naona, tumbo limekutangulia. Ukoko umekukubali, mdogo wangu. Karibu, kaa hapo kwenye furushi. Mama Ami hajambo?"

Nikamweleza. Kiharusi, vidole, ubeti. Akawa anakunja sweta ileile mara nne, mara tano. Nikamuuliza kama anakumbuka maneno.

"Maneno ya Kichaga niyatoe wapi mimi Mzaramo? Ila maana yake naijua."

"Unaijua?"

"Nilimuuliza Ami mwenyewe, bombani, nikamwambia, mbona wa mwisho mnaimba kikwenu, sisi wengine tukose? Akanieleza." Akavua miwani. "Wewe unaimba unauliza Mungu yuko wapi, siyo?"

"Ndiyo."

"Basi huo wa nne Mungu hajibu. Anayejibu ni mtu aliyesimama pembeni ya huyo anayeuliza. Anamwambia, usitazame mbali, mimi niko hapa, nimekushika mkono, na aliyenileta ni huyo unayemuuliza. Ndio maana mlikuwa hamruhusiwi kuimba ubeti wa mwenzio. Ami alisema anayeuliza hawezi kujijibu mwenyewe. Lazima ajibiwe."

Pale pembeni kijana amepanda mezani anapiga kelele za bei.

"Kwa hiyo Ami alikuwa anamwimbia nani?" nikauliza, na nilikuwa najua.

"Anakuimbia wewe, mjinga." Hakusema kwa ubaya. "Kila siku ya Mungu. Na wewe uko huku uani kwetu na kijiko. Mama yangu alikuwa anaumia. Anasema, masikini mtoto wa watu, anamshika mkono mtu aliyekwisha kukimbia."

Nilinunua sweta zake zote. Alikataa pesa ya ziada. Nilirudi kwa miguu mpaka kwenye gari, na sikumbuki nilipita wapi.

Miaka yote nilidhani ubeti wa nne unasema Mungu yuko mbinguni, au kitu cha namna hiyo, maneno ya wachungaji. Sasa fikirini. Nimesimama mbele ya watu wote wale na spika zangu, nimeuliza yuko wapi, na kaka yangu wa tumbo moja amevuta pumzi aniambie, "Mimi niko hapa." Nami nikaangalia saa.

Jioni ile nilimwimbia Mama. Wa Baba, wa kwake, wangu. Vidole vinne vikapanda. Nikasema nitajaribu. Nikachukua maana ile ya Zuhura nikaipanga kwa Kiswahili kwenye tuni, nikaushika mkono wake ule uliokufa, nikamwimbia kwamba mimi niko hapa. Nilikwenda mpaka mwisho, sauti inanitoka vipande vipande.

Mama hakunitazama. Alitazama upande wangu wa kulia, pale pembeni, mahali ambapo hapakuwa na mtu. Vidole vikabaki juu kana kwamba bado sijaimba chochote. Sijui kichwani mwake Ami alikuwa amekufa au yuko njiani na mchele wa Kyela. Nilisubiri naye. Mwishowe nilimkunja vile vidole mwenyewe, kimoja baada ya kingine, nikaufunika mkono kwa shuka.

Hakuunyanyua tena. Wiki mbili baadaye tukampandisha Machame. Mchungaji alikuwa kijana, mtu mzuri, akatangaza wimbo, watu wakafungua simu zao wakaimba beti tatu zilizoandikwa, wakauliza lile swali juu ya kaburi la mama yangu, na wakanyamaza. Nilitembea hatua chache nikageuka, kama Babu. Lakini Babu alikuwa na kitu cha kusema.

Enzi zetu, ndugu zangu, tulikosa sukari, tulikosa viatu, tulikuwa wanne chumba kimoja na taa moja ya koroboi, na kila jioni wimbo ulifika mwisho. Sasa hivi nina ghorofa, na watoto wangu watatu kila mmoja na chumba chake na mlango wake na masikio yaliyozibwa. Siku moja niliwasimamisha sebuleni niwagawie beti. Wakasimama kwa heshima, wakaimba wakitazama simu, na nilipofika kwenye wangu nikaona sina ubeti unaofuata wa kumpa mtu, nikawaruhusu waende.

Bado naimba. Adhana ikiisha nasimama peke yangu, naimba wa kwanza, wa pili, na huu uliokuwa haki yangu tangu utotoni. Zamani kati ya ubeti wangu na wa kaka palikuwa na kimya cha pumzi moja tu, nami sikuwahi kukingoja kiishe. Siku hizi nakingoja. Nakaa humo mpaka taa za barabarani zinawaka nje, na hakuna anayeanza.